Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Kalamu ya Viwanja vya Ndege vya Milimani

Kanombe, Kigali

Kwako Mheshimiwa, Mtukufu, Nyakubahwa, mwenye dhamana ya kutia sahihi vyeti vya viwanja vya ndege katika nchi zetu za milima.

Shikamoo, Mheshimiwa.

Baada ya salamu, natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na jamaa yako tukufu, makatibu wako, wasaidizi wa makatibu wako na wote wanaokufungulia mlango. Sisi huku chini ya njia ya ndege hatujambo. Naomba radhi kukuandikia hadharani. Adabu ingetaka nije mwenyewe, nikae benchini, nieleze haja yangu kwa sauti ya chini. Nilikwisha kufanya hivyo katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na barua yangu ikapokewa kwa heshima zote, ikapigwa muhuri, tarehe ikaandikwa juu ya muhuri. Naushukuru muhuri ule hadi leo. Ndilo jibu pekee nililopata, na nimelihifadhi vizuri.

Sikutaji jina, Mheshimiwa, kwa kuwa kiti chako ni kimoja na wakaaji wake ni wengi. Yupo wa Kigali, yupo wa Kinshasa, yupo wa Dodoma, wa Nairobi, wa Kampala, wa Gitega. Kila mmoja ana bendera yake na kalamu yake, ilhali safu moja ya milima huanzia kwa huyu na kuishia kwa yule. Basi niruhusuni niwaandikie nyote kwa umoja, kama mtu mmoja mwenye heshima za watu sita.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Ujana wangu wote niliumalizia kwenye migongo ya vilima, nikishika fimbo ya vipimo huku mwenzangu akichungulia darubini upande wa pili wa bonde. Sijaendesha ndege, wala sithubutu kumfundisha rubani kazi yake. Ila mteremko naujua kwa magoti yangu. Ndiyo maana nakujia kwa habari ya ardhi. Ajali nyingi za ndege za huku kwetu zimemalizikia kwenye ardhi ambayo mtu fulani alikwisha kuiona kwenye ramani miaka mingi kabla, akiwa ameketi kivulini, kalamu mkononi.

Naanza na shukrani, maana mwombaji asiyeshukuru hana malezi. Nakushukuru, Mheshimiwa, kwa Muhanga. Mwezi Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani za Zipline zilianza kuruka kutoka kilima kile zikipeleka damu kwenye hospitali za vijijini, na mfuko wa damu ukawa unashuka kwa mwavuli mahali ambapo gari lingezunguka mabonde kwa saa nyingi. Kabla ya hapo hapakuwa na kanuni za kazi ya namna hiyo. Zikatungwa, zikajadiliwa, zikaanza kutumika. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu lilinionyesha kwamba kalamu yako ikitaka kufika mlimani, inafika, tena upesi.

Nakushukuru pia kwa Bugesera. Kanombe ni uwanja wetu na tunaupenda, lakini uko mita 1,491 juu ya usawa wa bahari, njia yake ni ya mita 3,500, na mji umeukumbatia pande zote. Kwenda kujenga uwanja mpya wa Bugesera huko Rilima, kilomita 40 hivi kusini-mashariki mwa Kigali, kwenye ardhi iliyonyooka, ni uamuzi wa mtu aliyesikiliza wapimaji wake. Kazi ilianza mwaka 2017, Qatar Airways wakaingia ubia mwaka 2019, michoro ikapanuliwa ili uwanja upokee abiria milioni 7 kwa mwaka katika awamu ya kwanza na milioni 14 baadaye. Tunaungoja. Hatuna haraka inayozidi ya mhandisi.

Shukrani hizo ni za viwanja vikubwa, vile vyenye mgeni wa heshima siku ya jiwe la msingi. Nimekuja kwa ajili ya vile vidogo: Kamembe, Kavumu, Goma, Bukoba, Marsabit, na vingine ambavyo majina yake huyajua mkulima wa jirani na rubani peke yao. Huko, mtu akiwa na mgonjwa, ndege ni barabara. Kutoka Kigali kwenda Rusizi kwa basi unapita msitu wa Nyungwe, kona baada ya kona, saa sita hivi. Kwa ndege unatua Kamembe kabla abiria wa basi hajafika Huye. Kwa hiyo sitakuomba uvifunge. Anayedhani usalama ni kufunga uwanja wa milimani hajawahi kumsindikiza mjamzito aliyezidiwa.

Niruhusu, Mheshimiwa, nikuoneshe hesabu kidogo, nikijua kwamba unao wataalamu wanaoijua kunishinda. Hewa ya huku juu ni kama uji uliozidishwa maji: kikombe kimejaa, tumbo halishibi. Kwenye mita 1,500 hewa imepungua uzito kwa asilimia 14 hivi ukilinganisha na pwani, na jua la mchana likiipasha moto hupungua zaidi. Bawa hukosa cha kuegemea, injini hukosa cha kuvuta, na ndege inalazimika kukimbia mbali zaidi ardhini ndipo iinuke. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilikwisha kutuandikia namna ya kulipia upungufu huo: kwa kila mita 300 za mwinuko, ongeza urefu wa njia kwa asilimia 7, kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya kiwango cha mwinuko huo, ongeza asilimia 1, kwa kila asilimia 1 ya mteremko, ongeza asilimia 10 ya urefu.

Chukua ndege inayohitaji mita 1,500 kwenye usawa wa bahari, katika hali ya hewa ya vitabuni. Ipandishe hadi mwinuko wetu: mita 2,025. Joto la kawaida la vitabu kwa mwinuko huu ni nyuzi 5, na mchana wetu unafika 27. Ongeza asilimia 22, tumefika karibu mita 2,470. Njia ikiwa na mteremko wa asilimia 1 tu, na huku kwetu asilimia 1 ni ardhi ambayo mtoto huiita tambarare, umevuka mita 2,700. Ndege ni ile ile, abiria ni wale wale, mizigo ile ile. Kilichobadilika ni mahali.

Na miongozo yenyewe, Mheshimiwa, ina maneno ambayo nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu: nyongeza ya mwinuko na joto ikizidi asilimia 35 kwa jumla, hesabu ya jumla haitoshi tena; ufanyike uchunguzi maalumu wa mahali hapo. Mwinuko wetu peke yake unatufikisha kwenye 35. Jua likitoka, tumepita. Maana yake ni kwamba katika nchi hizi hakuna uwanja unaoweza kuruhusiwa kwa kufananishwa na mwingine. Kila mmoja unataka kuchunguzwa peke yake: upepo wa asubuhi unaotulia na upepo wa mchana unaopanda bonde, ukungu wa Aprili unavyoshuka, kilima kinachomlazimisha rubani kukata kona akiwa bado chini, bonde ambalo ukishaingia huna nafasi ya kugeuka.

Wenzetu wa Bhutan wana uwanja wa Paro, zaidi ya mita 2,200 juu, milima imeuzunguka kiasi kwamba rubani huiona njia dakika za mwisho. Hawakuufunga. Waliufungia masharti: marubani wachache waliofunzwa na kuidhinishwa kwa uwanja huo mahsusi, mchana tu, na macho yaione ardhi. Jua likizama, uwanja umelala, awe anakuja nani. Nawaheshimu sana kwa neno hilo, awe anakuja nani.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonitoa nyumbani. Ni habari ya ardhi iliyo baada ya lami.

Wengi tunaotazama uwanja wa ndege hutazama lami. Mpima hutazama lami inapoishia. Kanuni inataka baada ya mwisho wa njia kuwe na mita 60 zilizosawazishwa, kisha baada ya hizo kuwe na eneo la usalama, angalau mita 90, na inapendekeza mita 240 kwa viwanja vya ndege kubwa. Ardhi hiyo haina kazi nyingine duniani. Haipandwi, haijengwi, hailishwi. Inakaa tupu mwaka baada ya mwaka ikisubiri siku moja ambayo breki zitashindwa au mvua italoanisha njia, ili ndege ipite, izame magurudumu, isimame, na watu washuke wakitetemeka lakini wakitembea. Kwenye nchi ya vilima ardhi tupu iliyonyooka ndiyo mali adimu kuliko zote. Kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuliwa. Mji hufuata barabara, barabara hufuata uwanja, na siku moja unakuta duka la vocha limesimama mahali ambapo ramani inaonyesha pawe patupu.

Goma nakushukuru nayo, Mheshimiwa, kwa moyo wangu wote. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava ikapita katikati ya mji na kufunika upande wa kaskazini wa njia ya ndege. Njia ya karibu mita 3,000 ikabaki karibu 2,000. Mwinuko ni zaidi ya mita 1,500, na umeshaona hesabu. Uliruhusu ndege ziendelee, na sikukosoi kwa hilo, maana Goma haina barabara ya kuifikisha Kinshasa, na dawa zilikuwa zinahitajika. Watu walikula kwa ruhusa hiyo. Ila lava ilikuwa upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa mtaa wa Birere, wenye soko, nyumba za mbao na watu waliobanana. Miaka sita ikapita hivyo. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ikashindwa kuruka, ikaipita lami, ikaingia Birere. Walikufa watu 40 hivi. Walio wengi kati yao hawakuwa na tiketi. Walikuwa wakiuza, wakipika, wakisubiri mvua iishe.

Mwezi Novemba mwaka uliofuata ndege nyingine, MD-82, ilitua hapo hapo ikapitiliza na kwenda kusimama kwenye lava. Safari hiyo watu walijeruhiwa, hakufa mtu. Upande mmoja mawe, upande wa pili soko: katikati yake rubani, na nyuma ya rubani sahihi yako. Baadaye Benki ya Dunia ikatoa fedha za kuutengeneza uwanja ule, nami nilishangilia. Lakini nakuuliza kwa unyenyekevu, kama mtu anayemuuliza mkubwa wake njia: ile miaka sita, ni nani aliyekuwa na kazi ya kwenda Birere na kumwambia mama muuza mihogo kwamba mahali alipoweka jiko pameandikwa kitabuni kuwa pawe patupu? Angesikiliza. Angeondoka, kama angelipwa. Hakuna aliyekwenda.

Ndege ikianguka, ripoti huanza na rubani: alichelewa kugusa ardhi, alikadiria vibaya, aliendelea kushuka katika wingu. Mara nyingi ni kweli, wala sitamtetea asiyestahili. Lakini rubani hukosea kwa sekunde chache, na kanuni ya ardhi tupu ilitungwa na watu waliojua kwamba atakosea. Aliyeiacha ardhi hiyo ijengwe alikosea kwa miaka, mchana kweupe, kwa maandishi, na jina lake sijawahi kulikuta katika ukurasa wa sababu za ajali. Kama lipo, naomba nioneshwe nilisome.

Mheshimiwa, usije ukafikiri naandika kwa ajili ya wauza mihogo peke yao. Naandika kwa ajili yako, na nasema hili kwa mapenzi. Tarehe 12 Februari 2012 ndege ya kifahari ilitua Kavumu, uwanja wa Bukavu, mita 1,700 na ushei juu, ikaupita mwisho wa njia na kuporomoka. Humo alifariki Augustin Katumba Mwanke, mshauri wa karibu kabisa wa Rais wa Kongo wakati huo, Joseph Kabila. Matata Ponyo, aliyekuwa Waziri wa Fedha, akajeruhiwa. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi la Kenya iligonga kilima Marsabit katika ukungu ikiwa imebeba wabunge waliokuwa wakienda kupatanisha jamii. Kati ya watu 17 walikufa 14, miongoni mwao Bonaya Godana, aliyekuwa amewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Tarehe 10 Juni 2024 Makamu wa Rais wa Malawi, Saulos Chilima, alishindwa kutua Mzuzu kwa sababu rubani hakuweza kuona, wakageuza, na ndege ikaanguka katika msitu wa Chikangawa pamoja na watu wote tisa waliokuwemo. Mlima hausomi itifaki. Hao walikuwa wakubwa, wengine walikuwa na uwezo wa kuagiza uwanja utengenezwe kwa simu moja. Nawalilia kama ninavyowalilia watu wa Birere.

Nisipoitaja Bukoba nitakuwa sina haki. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa ikikaribia uwanja ule mfupi wa kando ya ziwa katika mvua na mawingu, ikaingia majini kabla haijaifikia njia. Walikuwemo watu 43; walikufa 19. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana mmoja, Majaliwa Jackson, akapewa kwa ushujaa wake nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi kwa ajili yake. Kisha nikakaa nikajiuliza: uwanja unaopakana na ziwa kwa hatua chache, je, boti ya uokoaji yenye mafuta na wazamiaji wake si sehemu ya uwanja kama ilivyo lami? Mvuvi alikuwepo kwa sababu siku hiyo alikuwa akitafuta dagaa. Je, angekuwa amekwenda kanisani? Habari za kujenga uwanja mpya Omukajunguti zimesemwa kwa miaka mingi, na watu wa Kagera wamezisikia kwa subira kubwa.

Tanzania hiyo hiyo inastahili sifa kwa Songwe, iliyofunguliwa Desemba 2012 ili kuuondoa uwanja wa Mbeya katikati ya nyumba. Ardhi ni pana, njia ni ndefu. Hata hivyo kwa miaka kadhaa ndege zilifika juu yake zikakuta ukungu, zikageuza na kurudi Dar es Salaam na abiria wao, kwa kukosa taa na vifaa vya kuongozea. Nasema heri hivyo, heri mara mia. Rubani aliyegeuza alimrudisha mtu kwa mkewe. Lakini shujaa wa siku hiyo alikuwa rubani, na uwanja ndio uliokuwa na kazi ya kumsaidia.

Najua, Mheshimiwa, kwamba barua hii hutaisoma. Una mikutano, una wageni, una safari, na nakuombea safari njema kwa dhati. Katibu wako ataisoma mistari ya mwanzo, ataona salamu zimetimia, ataiweka katika jalada la maoni ya wananchi. Sina kinyongo. Nimeandika kwa herufi kubwa kidogo, endapo jalada litafunguliwa na mtu mwenye macho kama yangu.

Maombi yangu ni haya, na nimeyapanga kuanzia lile dogo.

Naomba masharti ya kila uwanja wa milimani yabandikwe ukutani katika chumba cha kusubiria, kwa Kiswahili na kwa lugha ya watu wa hapo: urefu wa njia baada ya kuulipia mwinuko na joto, mita ngapi zimebaki tupu kila upande, saa ambazo uwanja umelala, na jina la aliyethibitisha. Abiria anasoma bei ya soda ukutani. Anaweza pia kusoma hili.

Naomba, uwanja usio na taa wala vifaa vya kuongozea ufungwe mawingu yanaposhuka chini ya kiwango kilichoandikwa, hata kama mgeni rasmi ameshaondoka nyumbani na ngoma zimeshawambwa. Hata kama mgeni rasmi ni wewe.

Naomba, mawe ya mipaka ya ile ardhi tupu yawekwe sasa, kabla mji haujafika, na pale ulipokwisha kufika, watu wahesabiwe, wathaminiwe mali zao na kulipwa. Hapa Rwanda sheria ya mwaka 2015 ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma inataka fidia iliyoidhinishwa ilipwe ndani ya siku 120. Ni sheria nzuri. Na mahali ambapo mita 240 haziwezekani kwa sababu bonde limeanza hapo hapo, vipo vitanda vya zege jepesi linalovunjika chini ya magurudumu na kuisimamisha ndege. Vinatumika kwingine duniani, na hakuna kinachotuzuia navyo isipokuwa bajeti.

Maombi hayo matatu nimewahi kuyaandika kwa namna mbalimbali, na yote yamepata muhuri. Nimefikiri kwa muda mrefu kwa nini hayatembei, nami nimefikia hitimisho kwamba kosa ni la umbali. Ofisi yako iko mbali mno na ardhi ninayoisema. Huwezi kuisikia. Mlima hausogezeki, Mheshimiwa, lakini kiti kinasogezeka.

Kwa hiyo, kwa heshima zote nilizokwisha kuzitaja na zile nilizosahau, naomba ofisi yako ihamishiwe katika ile ardhi ya mwisho wa njia ya ndege. Naomba hili hasa, kwa moyo mmoja. Ianzie mita 60 baada ya lami, na meza yako iwe mita 150, katikati ya mstari, dirisha likitazama upande ndege zinakotokea ili usishtushwe. Isiwe ya matofali. Kanuni inataka kitu chochote kinacholazimika kuwepo karibu na njia kiwe chepesi na chenye kuvunjika upesi, kisije kikaiumiza ndege. Basi mabati membamba na mbao za mikaratusi zitafaa. Makatibu na wasaidizi wabaki mjini, wana watoto wadogo. Uje wewe na kalamu yako. Uje kwa msimu mmoja tu wa mvua, Machi hadi Mei, na kila cheti cha uwanja wa milimani utakachokitia sahihi, ukitie sahihi hapo, mchana, wakati wa upepo.

Najua wasaidizi wako watasimama na kusema haiwezekani. Watafungua kitabu na kukuonesha kwamba kitu chochote kilichomo katika eneo lile na kinachoweza kuhatarisha ndege kinahesabiwa kikwazo na kinapaswa kuondolewa kadiri inavyowezekana. Watakuwa wamesema kweli, na nitawashukuru mmoja mmoja kwa kuwashika mikono. Ukurasa huo ndio niliokuwa nikiwaomba waufungue. Siku itakapoandikwa rasmi kwamba ofisi yako ni kikwazo, naomba nayo iondolewe kwa utaratibu: notisi mlangoni, mthamini mwenye kitabu, alama nyekundu ukutani, fidia ndani ya siku 120. Naomba usiharakishiwe kuliko wengine wala usicheleweshwe. Na yule karani atakayekuja kukuondoa asirudi mjini kabla hajapita kwa jirani zako wa kulia na kushoto, wenye nyumba za mabati kama yako, awahamishe kwa siku zile zile na kwa bei ile ile.

Gharama nisikutie. Vipimo nitakupimia mwenyewe bila malipo. Fimbo yangu ipo na macho bado yanasoma mistari yake. Ikiwa mtaamua kuanza na kiwanja cha hapa Rwanda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuna umuganda, kazi yetu ya pamoja, na wanaume wa mtaa wetu wameahidi kusimamisha nguzo kabla ya saa tano. Mke wangu atakuletea chai kwenye chupa. Nakuomba unijulishe jambo moja tu, kwa simu au kwa barua, hata kwa kumtuma dereva: ungependa ofisi iwe upande ndege zinakotua au upande zinakorukia? Mashimo ya nguzo huchimbwa tofauti kwa sababu ya mteremko.

Wako mtiifu,
Mpima ardhi mstaafu, mkazi wa Kanombe.

Nakala: kwa mwenyekiti wa mtaa wangu, aliyeombwa kuandaa majembe.